Flaiwili za Beacon Power: uniti chache, kazi nyingi

Mwenye mashine ya kusaga nafaka anaijua flaiwili bila kufundishwa: ni lile gurudumu zito la chuma ubavuni mwa injini ya dizeli, ambalo hata mafuta yakifungwa huendelea kuzunguka peke yake kwa muda, mkanda ukipigapiga, hadi nguvu iliyolimbikizwa ndani yake iishe. Kampuni ya Beacon Power ya Marekani iliichukua kanuni hiyohiyo, ikaifungia ndani ya pipa lililoondolewa hewa, na kuiuza kama hifadhi ya umeme. Bidhaa hiyo ninaipima kupitia kituo chake cha Stephentown, jimboni New York, kilichokamilika mwaka 2011 kikiwa na flaiwili 200.

Kila moja hubeba uniti 25 (yaani kilowati-saa 25), za aina ileile tunayonunua kwa LUKU, na ikizitoa kwa nguvu yake kamili ya kilowati 100, ndani ya dakika 15 imemaliza. Mtu anayetafuta umeme wa siku kadhaa ataidharau, kwa kuwa uniti hizo zinatosha jiko la kilowati 2 kwa saa 12 na nusu tu, na gurudumu likiachwa linazunguka bila kazi hupoteza nguvu kidogo kidogo. Lakini hakuitengeneza mtu kwa ajili ya taa za nyumbani. Kazi yake ni kushikilia masafa ya gridi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo Marekani ni hezi 60: uzalishaji ukizidi inameza umeme, matumizi yakizidi inautema, tena kwa sekunde, usiku na mchana. Betri ikijazwa na kumwagwa kwa mtindo huo huchakaa mapema. Gurudumu hili, ambalo uzito wake hubebwa na sumaku, limesanifiwa kudumu miaka 20. Kwa kazi hiyo naipa alama za juu bila kusita.

Usalama ndio unaohitaji jicho kali. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nne, na ndiyo sababu wasanifu hukimbilia kasi: gurudumu hili hufikia mizunguko 16,000 kwa dakika, na ukingo wake hukimbia takriban mara mbili ya kasi ya sauti. Uniti 25 zikiachiliwa kwa mkupuo mmoja ni sawa na zaidi ya kilo 20 za baruti ya TNT. Chuma kikipasuka katika hali hiyo hutoka kwa mapande makubwa yanayotoboa ukuta. Nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, ambazo Beacon walizichagua, huchanika tabaka kwa tabaka na kusagika kuwa vumbi la moto ndani ya pipa. Huo ni unafuu, si kinga kamili, kwa sababu pipa lenyewe hutaka kujizungusha pamoja na gurudumu lililokwama, na nati zake lazima zihimili msokoto huo. Ndiyo maana Stephentown flaiwili zimezikwa ardhini ndani ya zege. Mwaka 2015, huko Poway, California, flaiwili ya kampuni nyingine ilipasuka na kujeruhi wafanyakazi, kwa hiyo hofu hii si ya kubuni.

Wapo wanaodhani teknolojia hii ni ngeni kwetu. Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa na mabasi 12 ya flaiwili kuanzia mwaka 1955, kila moja likibeba gurudumu la tani moja na nusu na kuchajiwa vituoni. Magurudumu hayo yalizunguka mara 3,000 tu kwa dakika, na abiria walikaa juu yake.

Kwa upande wa biashara, Beacon waliomba kinga ya mufilisi Oktoba 2011, miezi michache baada ya kituo kukamilika, wakiwa na mkopo uliodhaminiwa na serikali. Hata hivyo mwekezaji mwingine aliwanunua, na kituo cha pili cha megawati 20 kikajengwa Hazle, Pennsylvania. Kwangu hilo linaonyesha kuwa kilichoyumba ni mapato, si gurudumu.

Ningeinunua kwa gridi inayoyumba, au kwa hospitali inayohitaji kuvuka zile sekunde kabla jenereta haijashika. Kwa sola ya nyumbani, hapana. Na muuzaji akinijia, kabla ya bei ningemwomba anionyeshe shimo, unene wa zege, na ripoti ya jaribio ambalo gurudumu lilivunjwa kwa makusudi likiwa kwenye kasi kamili.