Sabufa nimefungiwa vizuri ila yule fundi, mh!

Naandika bado nina hasira, mnivumilie. Hapa Mtwara mjini kuna duka wanafunga muziki wa magari, jina naliacha, wenyeji mtajijua. Nilipeleka IST yangu msimu wa korosho, nikafungiwa redio, ampu na sabufa ya inchi 12 kwenye buti. Kufunga jamaa anajua, hilo simnyimi, fyuzi kaiweka pale pale karibu na betri, waya wa umeme kapitisha upande mmoja na zile za RCA zinazopeleka sauti kwenye ampu upande mwingine, ukikanyaga mafuta husikii ule mlio wa wiiii. Safi kabisa.

Sasa kuseti! Gein kaifungulia mpaka mwisho, bezi busti mpaka mwisho, LPF, kile kichujio kinachoiachia sabufa sauti nzito tu, juu huko mpaka sabufa inataka kuimba na yenyewe. Unaweka taarabu, mwimbaji humsikii, unasikia buti tu inaguguma. Nikamwambia kwa upole, fundi hebu punguza kidogo maana spika za milangoni zimemezwa, akanijibu kwa sauti watu wote wasikie, "Bro kama unataka taarifa ya habari si ungebaki na redio yako ya zamani?" Wakacheka. Na mama mkwe kakaa siti ya mbele pale, mtu mzima, hata shikamoo hakumpa, kapitisha mkono mbele ya uso wake akaongeza volyumu! Jamani. Kuna ufundi halafu kuna malezi.

Nikalipa nikaondoka. Siku zikapita, dogo mmoja Mikindani akaichukua bisibisi ndogo akazima bezi busti, akarudisha gein chini kabisa, redio akaipandisha kama robo tatu hivi ndo akaanza kupandisha gein polepole, sauti ilipoanza kukwaruza akarudi nyuma kidogo. Anasema gein siyo volyumu, ni ya kuilinganisha ampu na redio, ukiiachia hovyo utaunguza koili ya sabufa. LPF akaiweka kwenye hezi 80, spika za milangoni akazikatia bezi ya chini ya hapo hapo, halafu akabonyeza kile kitufe cha fezi, kinachogeuza mawimbi ya sabufa yaende sawa na spika za mbele, kutoka 0 kwenda 180 na bezi ikahamia mbele kama inatoka kwenye dashibodi. Nikaendesha mpaka Mingoyo nasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi.

Kwa hiyo vifaa vyao ni vizuri, kazi ya waya nzuri, bei nayo haikuwa mbaya, ningewapa nyota nne. Ila nikikumbuka ule mkono mbele ya uso wa bi mkubwa, nne za nini, moja! Na hiyo moja ni ya fyuzi.

Kibao cha namba nyuma bado kinatetemeka bezi ikishuka sana, nitabandika sponji mwenyewe, kule sirudi. Labda siku yule fundi hayupo.