Jozi mbili za spika, vyumba vitatu: uzoefu wangu

Nina jozi mbili za spika na nimekaa nazo zaidi ya miaka miwili. Ya kwanza ni ndefu, za kusimama sakafuni. Kila moja ina wufa mbili za inchi sita na nusu kwa ajili ya sauti nzito, twita moja kwa ajili ya sauti nyembamba, na tundu la kupumulia upande wa nyuma. Ya pili ni ndogo, za kuwekwa juu ya stendi, na boksi lake limezibwa pande zote. Nimezihamisha chumba hadi chumba mara nyingi, na kila nilipozihamisha nilisikia kama nimenunua spika nyingine.

Zile ndefu zilinivutia dukani. Ukumbi ulikuwa mpana na dari iko juu, spika zimesogezwa mbali na kuta, na besi ilishuka chini kwa utulivu bila kuvuma. Muuzaji hakuniuliza chumba changu kina ukubwa gani, nami sikujua kwamba swali hilo lilitakiwa kutangulia kabla ya hela. Nikazipeleka kwenye chumba cha mita 3.5 kwa 2.9, nikazisukuma hadi kwenye kona mbili kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Kiti nikakiegemeza ukuta wa upande wa pili.

Besi ilivimba, lakini haikuvimba yote, na hilo ndilo lililonisumbua. Gitaa la besi lilikuwa likitembea vizuri kwenye noti za chini, kisha likigusa G, chumba kizima kinavuma, maji yanatetemeka kwenye glasi, na noti mbili zinazofuata zinamezwa. Nikabadilisha kushoto na kulia nikidhani moja ni mbovu. Hali ikawa ileile, na noti ileile.

Nikaweka kwenye simu programu ya kutoa mlio wa masafa ninayoyataka, nikaipeleka 49 Hz, yaani mitetemo 49 kwa sekunde, ambayo ndiyo G ya chini ya gitaa la besi, nikaanza kutembea chumbani. Mgongo ulipogusa ukuta wa nyuma, mlio ulinijaa kifuani. Nikapiga hatua mbili mbele, hadi katikati ya chumba, mlio ukafifia karibu wote. Nikaenda kugusa wufa kwa ncha ya kidole: inatikisika vilevile. Nikaendelea mbele kuelekea ukuta wa spika, mlio ukarudi kwa nguvu zake zote. Nilirudia safari hiyo mara tano au sita, maana sikuamini kwamba sauti inaweza kuwa na mahali inapokaa na mahali isipokaa ndani ya chumba kimoja.

Hesabu yake ni fupi. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba mara mbili, kisha gawa 343 kwa jibu hilo: kwangu ni 343 kwa 7, yaani 49. Nusu ya wimbi hilo inaenea sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta, hivyo linapogonga na kurudi linajiongeza lenyewe. Shinikizo linakuwa kubwa kwenye kuta na dogo kabisa katikati. Chumba cha mita 4 kitalia hivyo karibu na 43 Hz, cha mita 5 karibu na 34 Hz. Kadiri chumba kinavyorefuka ndivyo noti yake inavyoshuka kwenda kule ambako nyimbo nyingi hazifiki.

Tena nilikuwa nimeiongezea kuni. Ukuta ulio karibu na spika unaweza kupandisha besi ya chini kwa hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na kona ina kuta mbili. Nilijaribu kuziba matundu ya nyuma kwa sponji, besi ikapungua kidogo lakini G ikabaki. Kilichosaidia zaidi ni kukitoa kiti ukutani kwa sentimita 70 na kuzivuta spika kutoka kwenye kona. Hapo muziki ukasikilizika, ila spika zikawa katikati ya njia na mtu hana pa kupita. Kwa chumba kile, jozi ndefu ilikuwa chaguo baya, ingawa yenyewe ni spika nzuri.

Ndipo nikachukua ile ndogo. Wengi huona boksi lililozibwa ni la kizamani, nami siwaungi mkono. Spika yenye tundu huishikilia besi hadi chini kiasi, kisha inaiangusha ghafla, takriban desibeli 24 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Iliyozibwa huanza kupungua mapema, lakini polepole, takriban desibeli 12 kwa oktavu. Katika chumba kidogo ukuta unarudishia taratibu kile kilichopungua. Niliziweka sentimita 25 kutoka ukutani, juu ya stendi za sentimita 60 ili twita iwe usawa wa masikio yangu nikiwa nimekaa. G ilikaa kwenye mstari na wenzake. Watu wa BBC walilielewa jambo hili mapema: miaka ya 1970 walibuni LS3/5A, kiboksi kidogo kilichozibwa, ili mafundi wao wapate kusikiliza sauti ndani ya magari ya kutangazia nje ya studio, ambamo hamna nafasi ya spika kubwa.

Lazima niseme na upungufu wake. Hizi ndogo zinatoa desibeli 84 pale zile ndefu zinapotoa 87, kwa umeme uleule na umbali uleule. Tofauti ya 3 inaonekana ndogo, lakini maana yake amplifaya itoe wati mara mbili ili sauti ilingane. Na ile besi ya ngoma kubwa inayokugonga tumboni, hapa huipati. Mimi nimeridhika bila hiyo, anayependa ngoma kuliko sauti za waimbaji huenda asiridhike.

Jozi ndefu ilipata makao tulipohamia nyumba yenye sebule ya mita 5.6 kwa 4.2. Safari hii nilianza na futi ya kupimia na tepu ya karatasi sakafuni. Nikazisimamisha kwenye ukuta mfupi, sentimita 90 kutoka ukuta wa nyuma na sentimita 90 kutoka kuta za pembeni, kwa sababu zilipendeza macho zikiwa hivyo. Besi ya chini ilikuwa safi kabisa. Lakini waimbaji wa kiume wenye sauti nzito walikonda, kama vile wanaimba kwa koo tu bila kifua.

Ilinichukua wiki kupata sababu. Sauti inayogonga ukuta na kurudi huikuta ile inayotoka kwenye wufa. Umbali kutoka wufa hadi ukutani ukiwa robo ya urefu wa wimbi, mbili hizo zinapingana na kufutana. Kwa sentimita 90 hilo hutokea karibu na 95 Hz, pale sauti nzito ya mwanamume inapoanzia. Nami nilikuwa nimelipatia shimo hilohilo la sauti kuta mbili za kulichimba. Nikazivuta mbele hadi mita 1.2 kutoka nyuma na kuzisogeza hadi sentimita 75 kutoka pembeni. Shimo moja likaenda karibu na 71 Hz, jingine karibu na 114 Hz, yote mawili ya kina kidogo kuliko lile la kwanza. Jioni ile mwimbaji alirudi na kifua chake, na mke wangu, ambaye hajawahi kuuliza habari za spika, alitoka jikoni akauliza nimebadilisha nini.

Kati ya spika na spika sasa kuna mita 2.7, na kiti kiko umbali huohuo kutoka kila moja. Kimeangukia mita 2 na kidogo kutoka ukuta ulio nyuma yangu, kama asilimia 37 ya urefu wa chumba, mbali na katikati na mbali na ukuta pia. Kutafuta mahali ambapo sauti hudunda pembeni tulitumia kioo: mimi nimekaa, mwanangu anakitembeza ukutani, na pale nilipoiona twita kwenye kioo tukatundika pazia zito. Spika nimezigeuza kidogo kwa ndani. Nilipozielekeza moja kwa moja masikioni, matoazi yalichoma.

Chumba cha tatu ni cha dada yangu, aliyeazima zile ndogo akataka kuzirudisha akisema zinakwaruza. Nilikwenda nikapiga kofi moja katikati ya chumba chake: vigae chini, dirisha pana la kioo, kuta tupu, na kofi likajibu kama springi ya chuma. Zulia nene mbele ya spika, mapazia, na kabati la vitabu nyuma ya kochi viliondoa ukali ule. Sasa hataki kuzirudisha.

Kwangu imebaki kasoro moja. Spika ya kushoto iko jirani na mlango wa korido, na mlango ukiwa wazi besi ya upande huo inavuja na waimbaji wanaonekana wamesogea kulia. Bado sijapata pengine pa kuiweka, kwa hiyo nikitaka kusikiliza naufunga mlango.