Uzoefu wangu na helikopta za Rega, Uswisi: daktari alishuka kwa kamba

Mwezi Agosti mwaka jana kaka yangu mkubwa, ninayeishi naye Thun, aliteleza kwenye njia iliyo juu ya ziwa Oeschinensee, karibu na Kandersteg, akaporomoka mita kadhaa na kujigonga kwenye mwamba. Paja lake la kulia lilipinda mahali pasipo na kiungo, naye alilalamika kwamba nyonga zilimuuma kuliko hata huo mguu. Ninaandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaoishi Uswisi, kwa sababu kwa miaka kadhaa tulikuwa tukilipa faranga 40 kila mtu, kila mwaka, kuwa wafadhili wa Rega, shirika la uokoaji kwa helikopta, bila kujua hasa tunapata nini.

Nilipiga namba yao ya dharura, 1414, kupitia programu ya Rega ya simu, ambayo hutuma yenyewe taarifa za mahali ulipo. Nisingeweza kabisa kuieleza ile njia kwa maneno, hasa kwa Kijerumani changu cha siku ile. Aliyepokea aliniuliza kwa utulivu majeruhi ni wangapi, kama kaka anajibu akiitwa, upepo ukoje, na kama kuna nyaya karibu, kwani milimani nyaya za kusafirishia mizigo hukatiza mabonde na ni hatari kubwa kwa rubani. Aliniagiza nifunge kila kinachoweza kupeperuka na nisimame nikiwa nimeinua mikono yote miwili kama herufi Y, ishara ya kwamba tunahitaji msaada.

Rega, iliyoanzishwa mwaka 1952, hulenga kufika popote Uswisi kwa dakika 15 za kuruka, isipokuwa katika jimbo la Valais, ambako kuna kampuni nyingine na namba ya kupiga ni 144. Sisi tulisikia mngurumo kabla robo saa haijatimia.

Hapakuwa na mahali pa kutua. Rubani aliishikilia helikopta palepale angani, muuguzi wa dharura akaiendesha winchi, yaani mashine ya kushusha na kuvuta kamba, na daktari akateremshwa kwa kamba hadi tulipokuwa. Nilidhani atamfunga kaka haraka na kuondoka naye. Badala yake alikaa naye pale mlimani kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno, na leo naamini muda huo ndio uliokuwa na thamani kuliko safari yenyewe. Kwanza alimfunga mkanda mpana kuzunguka nyonga, kwa sababu mfupa wa nyonga ukivunjika mtu anaweza kupoteza damu nyingi ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Akamchoma sindano ya kupitishia dawa kwenye mshipa, akampa ketamini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kisha akaunyoosha mguu taratibu, na kaka, aliyekuwa akipiga kelele dakika chache kabla, alinyamaza huku akiendelea kupumua vizuri. Alimpa pia asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke upesi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba hupunguza vifo, na inafaa itolewe mapema, ndani ya saa tatu. Kisha akamfunika vizuri ingawa jua lilikuwa kali, akanieleza kwamba mwili ukipoa, damu haigandi inavyopaswa.

Kaka alivutwa juu pamoja na daktari, wakashushwa kwenye malisho yaliyo chini, ambako alipakiwa ndani na kupelekwa hospitali ya Inselspital, Bern. Mimi sikupata nafasi. Niliteremka kwa miguu peke yangu nikiwa nimebeba viatu vyake, na saa zile sizitamani tena. Walau nilikuwa nimeambiwa anapelekwa wapi.

Kuhusu malipo, watu wengi hukosea. Ufadhili wa Rega si bima. Mwajiriwa anayefanya kazi angalau saa nane kwa wiki kwa mwajiri mmoja ana bima ya ajali ya lazima, lakini kaka amejiajiri na hakuwa na bima hiyo, hivyo ajali yake iliangukia bima ya msingi ya afya, ambayo hulipa nusu tu ya gharama za uokoaji, na isiyozidi faranga 5,000 kwa mwaka. Kampuni yetu ya bima ilituzungusha kwa barua kwa karibu miezi mitatu kabla ya kukubali hata hiyo nusu, jambo lililoniudhi sana, kwa kuwa kaka alikuwa bado anajifunza kutembea kwa magongo. Rega inaweza kumsamehe mfadhili sehemu ambayo bima hailipi, ingawa kisheria hailazimiki. Sisi walitusamehe yote iliyobaki.

Kaka sasa anatembea bila gongo, ila ngazi bado zinamsumbua. Mwezi Januari alijiandikisha bima ya ajali ya hiari, na ada ya Rega tumelipa tena.