Mimi Manda, begi langu Wilson

Kutoka Nairobi hadi Lamu kwa ndege ni kilomita 460 hivi, na ukipata ndege isiyopitia Malindi ni saa moja na dakika zake chache. Hilo sibishani nalo. Mimi nilifika kwa wakati. Begi langu ndilo halikufika.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, arusi ya mpwa wangu imekaribia, na vitu vyake vyote vya bibi arusi nimevibeba mimi. Pale uwanja wa Wilson, Nairobi, begi likapimwa, halikuzidi kilo 15, likabandikwa karatasi, likasukumwa nikilitazama. Tukashuka Manda, ndio uwanja wa Lamu. Mizigo ikaletwa kwa mkokoteni, kila mtu akachukua chake akaelekea kwenye boti. Nikabaki mimi na mkokoteni mtupu.

Nikamwendea kijana wa shirika. Akaniambia ndege ilikuwa nzito, mabegi kadhaa yakashushwa kulekule Nairobi. Sawa. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndege ndogo haiwezi kuruka na kila kitu. Rubani sina ugomvi naye, heri begi libaki kuliko sote tubaki njiani. Lakini nikauliza: mbona hamkuniambia kabla sijapanda?

Hata macho hakuyainua kwenye simu. "Mama, tungekwambia, ungeshuka?"

Ningeshuka! Wallahi ningeshuka! Mtoto niliyemzidi umri kiasi cha kumzaa ananijibu hivyo, shikamoo hakuna, pole hakuna, mbele za watu. Begi lilinikera, lakini jibu lile lilininyima usingizi. Kesho yake alasiri napigiwa simu: njoo uchukue. Njoo wapi? Uwanja uko kisiwa cha Manda, mimi niko Lamu mjini, katikati ni maji. Nikavuka kwa boti, nikarudi kwa boti, nauli yangu. Hakuna aliyeuliza nimekuja na nini. Karatasi ya kusaini lakini walikuwa nayo tayari.

Niliapa sipandi tena. Halafu nikakumbuka basi: siku nzima, Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, huku mnasimamishwa kwenye vizuizi mara kwa mara, vitambulisho nje, ndipo mfike Mokowe, na bado boti inakungoja. Mgongo wangu huu hauwezi. Na kusema haki, ile ndege yenyewe ilitua kama unyoya, na kuuona Mto Tana kutoka juu, ulivyojikunjakunja ukitafuta bahari, nilisahau hata kuogopa.

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu, kama si yule kijana. Hapana, mbili.

Tiketi ya kurudi nimekata kwao haohao, maana siku ile walikuwa rahisi kuliko wenzao. Vitu vya thamani safari hii navipakata mwenyewe. Na nikimkuta yule kijana kaunta, swali lake bado nina jibu lake.