Maiki ipi ununue kwa kurekodia Audacity

Kabla ya kutoa pesa, jiulize mtarekodi wangapi. Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, huchukua sauti kutoka kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, kile ulichokichagua kwenye mpangilio wa sauti. Watu wengi hununua maiki mbili za USB kwa ajili ya mahojiano, wakifika nyumbani wanakuta moja tu ndiyo inayoingia.

Kwa anayerekodi peke yake, namba moja ni maiki ya dainamiki yenye USB, na mimi ningechukua Samson Q2U. Ina tundu la hedifoni kwenye maiki yenyewe, kwa hiyo unajisikia unapozungumza, na ina tundu la XLR pia, lile la pini tatu: siku ukinunua saundikadi, yaani kisanduku cha nje cha kuunganisha maiki na kompyuta, maiki ni ileile. Sababu kubwa zaidi ni nyumba zetu. Dainamiki haivuti sana sauti za mbali, basi bodaboda na jogoo wa jirani hubaki nyuma, mradi uiweke karibu na mdomo, kama vidole vinne hivi.

Ichomeke kwanza, ndipo ufungue Audacity. Kama ilikuwa wazi tayari, iambie itafute vifaa upya. Kisha chagua jina la maiki yako kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia, na chaneli moja. Hapa ndipo wengi hulaumu maiki nzuri bure, kumbe wanarekodi kwa ile ndogo iliyomo ndani ya laptopu. Ikwaruze maiki kwa ukucha huku ukitazama kipimo cha sauti. Kisiporuka, umechagua kifaa kingine. Kipimo kikikosa kucheza kabisa kwenye Windows, angalia kama programu za kompyuta zimeruhusiwa kutumia maiki.

Mkiwa wawili, namba moja inahama: nunua saundikadi yenye matundu mawili ya XLR, kama Focusrite Scarlett 2i2, au Behringer UMC202HD iliyo nafuu zaidi, pamoja na maiki mbili za dainamiki. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na bado inafaa. Rekodi kwa stereo, yaani chaneli mbili, mmoja aingie kushoto na mwingine kulia, halafu uzitenganishe chaneli hizo ili umpunguze anayekohoa bila kumgusa mwenzake. Scarlett Solo ina tundu moja tu la maiki, usiichukue kwa mahojiano.

Ya tatu ni maiki ya klipu, Boya BY-M1, yenye waya wa mita 6. Husikia pande zote, hivyo inataka chumba kilichotulia. Plagi yake ina sehemu nne na huingia kwenye laptopu yenye tundu moja la hedifoni na maiki. Kompyuta ya zamani yenye matundu mawili itahitaji adapta.

Mikisa ndogo ya USB, mashine ya kuchanganya sauti za maiki kadhaa, naiweka ya nne. Ni nzuri kwa matangazo ya moja kwa moja, lakini mara nyingi sauti za wote hufika kwenye kompyuta zikiwa zimeshachanganywa.

Ya mwisho ni BM-800 inayouzwa na waya mwembamba wa kuchomeka kwenye tundu la maiki. Ni kondensa, aina ya maiki isiyofanya kazi bila umeme, hutaka volti 48, na tundu hilo halitoi hata robo yake. Sauti hutoka dhaifu, unaipandisha, na mvumo unapanda nayo. Kama huna saundikadi au kisanduku cha volti 48, iache dukani.

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue, beba laptopu na hedifoni, urekodi palepale. Zungumza kawaida, vilele vya sauti kwenye kipimo vikae kati ya -12 na -6 dB. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptopu urekodi tena: ukikatika, tatizo ni umeme, ukibaki, jaribu waya mwingine kabla hujalipa.