Chanjo ya ndigana kali na sindano yake ya OTC: maoni ya mfugaji wa Usa River

Wafugaji wenzangu wa ng'ombe wa maziwa wananiuliza sana kama huduma ya chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, inafaa kulipiwa. Jibu langu ni ndiyo, na katika nyota tano naipa nne. Ila mtu asiingie kichwakichwa. Hii si chanjo kama ile ya mdondo wa kuku, tone jichoni basi. Ndama anadungwa vimelea vya ndigana vikiwa hai kabisa, na papo hapo anadungwa antibiotiki nzito (ndiyo hiyo OTC) ili vimelea vile visimuue. Ukiiondoa antibiotiki, hujachanja. Umemwambukiza mnyama wako ugonjwa.

Nafuga chotara wa Friesian na Ayrshire, wote wa bandani. Ng'ombe hawa wanatoa maziwa, lakini mbele ya ndigana kali hawana ubavu. Kupe wa kahawia, yule anayependa kujificha ndani ya sikio, anakuja na majani uliyokata kando ya mfereji. Wiki moja na nusu au mbili zikipita, tezi ya chini ya sikio inavimba hadi unaiona ukiwa mlangoni. Homa inapanda juu ya nyuzi 40, ndama anaacha kula, anahema kwa taabu. Mwisho mapafu yanajaa maji na povu jeupe linatoka puani. Akifika hapo ni nadra kupona.

Antibiotiki inayotumika kwenye chanjo ni oksitetrasaiklini, yaani OTC, jamii ileile ya dawa iliyojaa kwenye kila duka la dawa za mifugo. Nenda useme ng'ombe ana homa, mara nyingi utafungiwa chupa ya OTC kabla hata hujaulizwa tezi zikoje. Jirani yangu aliuziwa hivyo kwenye duka moja mjini. Mtamba wake alikuwa na mimba ya kwanza, tezi zimeshavimba. Akadungwa OTC, kesho yake akarudiwa, na akafa. Muuzaji hakumwambia kwamba OTC inatibu ndigana baridi, ambayo inaletwa na bakteria, lakini haifui dafu kwa ndigana kali iliyokwisha kuenea mwilini. Vimelea vya ndigana kali ni protozoa. Vinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu, chembe zikigawanyika navyo vinagawanyika nazo. Tezi zikishavimba, dawa inayotakiwa ni buparvakwoni, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Butalex, na idungwe mapema. Kwa mnyama mkubwa bei yake inauma, na bado haina uhakika ukichelewa.

Siku ya chanjo mambo ni mengine. OTC inaingia vimelea vikiwa ndiyo kwanza vinafika. Haivimalizi, inavichelewesha, na mwili wa ndama unapata nafasi ya kuvijua na kujijengea kinga kabla havijamlemea. Dawa ni ileile iliyoshindwa kumsaidia mtamba wa jirani. Kilichobadilika ni siku ya kuidunga. Watafiti wa Muguga, Kenya, ndio waliolikamilisha jambo hili miaka ya 1970, ndiyo maana chanjo inaitwa ya Muguga. Ndani yake kuna vimelea vya aina tatu: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Imewahi kutengenezwa na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, kisha kazi ikahamia kituo cha Lilongwe, Malawi. Wamaasai wa huku kaskazini wametutangulia mbali sana. Walianza kuchanja ndama wao miaka ya 1990, wakati wengi wetu wa ng'ombe wa bandani tulikuwa bado tunategemea pampu ya kuogeshea dawa ya kupe peke yake.

Huduma yenyewe haiji kwa ndama mmoja. Chanjo inakaa kwenye mirija midogo ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja una dozi nyingi, na ukishayeyushwa haurudi mtungini. Lazima utumike ndani ya saa chache. Kwa hiyo tulijikusanya majirani, kila mmoja na ndama wake, tukalipa shilingi 12,000 kwa kichwa. Kuna walioona ni nyingi. Mimi nikilinganisha na bei ya mtamba, sioni cha kubishania.

Mchanjaji tuliyempata alinipendeza kwa jambo moja hasa: hakukisia uzito. Alimzungushia kila ndama kamba ya kupimia nyuma ya miguu ya mbele, akasoma, akaandika kwenye daftari, ndipo akavuta dawa. "Mama, huyu ana kilo 85, nampa mililita nane na nusu." OTC yenyewe ni ya asilimia 30, ile inayokaa mwilini muda mrefu, mililita moja kwa kila kilo 10. Mkazo uko hapo. Ukimpunja, vimelea vinamzidi nguvu na chanjo inageuka kuwa ndigana yenyewe. Ukikutana na mchanjaji anayemtazama ndama kwa jicho tu na kusema "huyu kama sitini hivi", mwambie asubiri kwanza. Baada ya kuyeyusha mrija na kuchanganya, alitulia kama nusu saa chanjo ikae sawa, huku mtungi ukitoa mvuke mweupe na watoto wakifukuzwa wasisogee. Kisha mililita moja ya chanjo chini ya ngozi karibu na sikio, OTC kwenye msuli, na mwisho hereni ya kuonyesha kwamba huyu amechanjwa. Hereni hiyo ina thamani yake mnadani, wanunuzi wanaijua.

Sasa nieleze kwa nini sikutoa nyota tano.

OTC ya asilimia 30 ni kali kwenye nyama. Ndama wangu mmoja alivimba pale alipodungwa, akawa anauburuta mguu na kulia akiguswa. Uvimbe ulishuka wenyewe, lakini mtu asiyejua angekimbilia dukani kununua dawa nyingine juu ya ile. Halafu kuna wale wachache ambao chanjo inawapandisha homa, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu. Ni wachache kweli, ila anaweza akawa wa kwako. Kipindi hicho unapima joto kila asubuhi na kupapasa tezi. Kwetu alitokea mmoja, wa jirani. Tulimpigia mchanjaji simu, alikuja siku hiyohiyo na Butalex bila kudai nyongeza. Mtoa huduma anayedunga, anachukua pesa na kuzima simu simpi hata nyota moja, chanjo iwe nzuri namna gani.

Jambo la maziwa naliona linapuuzwa mno, na linanikera. Ukichanja ng'ombe anayekamuliwa, OTC inapita kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Idadi imeandikwa kwenye chupa na inatofautiana kwa kila kampuni. Maziwa hayo si ya kuuza wala ya kumpa mtoto. Nilijaribu kugandisha kidogo nione: yalikaa ndooni mpaka yakaoza, mtindi haukupatikana, maana dawa imewazuia bakteria wanaogandisha. Watu wanayauza hivyo hivyo, wakidhani kuchemsha kunaondoa dawa. Hakuiondoi kiasi cha kuyafanya salama. Kwa sababu hii mimi nachanja ndama na mitamba, simsubiri mpaka awe anakamuliwa. Na mchanjaji wetu alikataa kumgusa ng'ombe mwenye mimba kubwa, nilimuunga mkono.

Lingine, ndama aliyechanjwa anabaki na vimelea kidogo mwilini. Yeye havimsumbui, lakini kupe akimnyonya anaweza kuvipeleka kwa ndama wa jirani asiye na kinga. Ndiyo maana nasisitiza mtaa mzima uchanje pamoja, kuliko mtu mmoja mwenye uwezo achanje wake na kunyamaza.

Wanaochunga upande wa Momella na Ngurdoto, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wawe na tahadhari zaidi. Nyati wa hifadhi wana vimelea vyao vya ndigana, na chanjo hii haivizuii vyote. Vilevile haizuii ndigana baridi, mkojo wa damu wala maji moyo, na magonjwa yote hayo yanaletwa na kupe. Bado ninaogesha. Nimepunguza tu, siogeshi kila wiki kama zamani, na hapo pia nimeokoa pesa ya dawa ya kupe.

Kwa anayetaka kuanza: ndama awe na afya, awe amepewa dawa ya minyoo mapema, asiwe na homa wala amekonda. Muulize mchanjaji maswali matatu kabla hamjapatana bei: anapimaje uzito, OTC yake ni asilimia ngapi, na nani atalipia tiba ndama akipandisha homa. Akikujibu bila kuzungukazunguka, mkabidhi kamba ya ndama. Sisi tunaandaa kundi jingine kabla ya mvua za vuli. Walio Maji ya Chai na Kikatiti wanaweza kujiandikisha kwa ofisa mifugo wa kata yao, maana tukitosha mrija mzima tutamwita mchanjaji.