Slaidi za kioo chenye utando unaopitisha umeme: tathmini kwa wapimaji wa ini la sato, Mwanza

Ukitaka kuona maikrosistini, sumu ya mwani wa Ghuba ya Mwanza, imekaa wapi ndani ya ini la sato, nunua slaidi zenye utando wa oksidi ya indi na bati. Ni ghali, lakini zinastahili: kipande kilekile hutazamwa kwa hadubini kisha huingia kwenye spektrometa ya masi ya MALDI, mashine inayopiga kipande kwa leza, kupima masi ya molekuli na kuchora ramani ya zilipo. Pima kwanza kwa maltimita. Upande ambao maltimita inasoma ohmu ndio wenye utando, ndio wa kuwekea sampuli.

Gandisha ini bila fomalini, kata mikromita 10 hadi 12. Gundi ya OCT, ile ya kushikilia tishu iliyogandishwa wakati wa kukata, isiguse kipande, polima zake hufifisha ishara ya maikrosistini-LR, aina mojawapo ya sumu hiyo, inayoonekana kwenye m/z (masi kwa chaji) 995.6 hivi. Ramani ikiwa tupu usikimbilie kusema samaki ni salama, maana sumu iliyofungamana na protini haionekani hapa.

Adui mkubwa ni unyevu wetu wa ziwani. Slaidi ikitolewa friza wazi wazi, umande hutanda, sumu inahama na ramani inadanganya. Iache ipate joto ndani ya kasha lililofungwa, kisha ikaushe kwenye desiketa ya vakyumu (chombo cha kukaushia kilichotolewa hewa) kabla ya kunyunyizia matriksi, kemikali inayofyonza nishati ya leza, tabaka nyembamba nyembamba.